Farasi wa Bure Ana Bei

Sisi tuliotoka Rumonge na Nyanza-Lac tunajua uvuvi wa usiku: taa inawaka, ndagala wanaifuata wenyewe mpaka wavuni. Jumamosi tuliyaona hayo kwenye ubao wa chesi.

Binti wa darasa la sita, mwenye kete nyeupe, alichelewa kwa foleni ya maji, nusura akose. Alipewa kijana wa sekondari. Kijana akala askari wa d5 kwa farasi. Basi binti akaingiza farasi wake f7, pale palipolindwa na mfalme tu. Bure kabisa! Mfalme akamla. Malkia akaja f3 akamtishia. Ili amwokoe farasi wake, mfalme ikabidi apande e6, katikati ya vita. Hakurudi nyumbani tena.

Mtego huu ulichezwa Italia yapata miaka 400 iliyopita. Dawa ipo: usimle askari yule, peleka farasi wa pili a5, umfukuze askofu.

Kijana hakununa, alimwomba binti amfundishe. Wazazi, Jumamosi wagawieni kaka zao ndoo, mabinti nao waje.