Kabla ya Kuomba Mtaji: Tunachojifunza kwa Bima ya Kusaidiana Nchini India



Maombi tunayopokea kwa wingi kutoka parokiani ni ya mtaji wa kukopesha. Akina mama wanataka kufuga kuku, vijana wanataka mashine ya kukoboa. Ni maombi ya haki. Lakini kuna swali moja ambalo mara nyingi tunasahau kuliuliza, nalo ndilo linaloamua kama mkopo utamwinua mtu au utamzamisha: mkopaji akiugua, nani atalipa?

Nchini India swali hili limefanyiwa kazi kwa zaidi ya miaka 30 na vyama vya watu maskini wenyewe. Baadhi ya majaribio yao yamefaulu, mengine yamewaumiza watu. Katika toleo hili tunaeleza jinsi akiba, mkopo na bima ya kusaidiana vinavyotegemeana, ili kamati zetu zijue zianzie wapi.

Ugonjwa hula mtaji

Tuchukue mfano. Mama anauza mboga mjini. Amekopa rupia 5,000 kununua mkokoteni, na kila wiki anarejesha kidogo. Mume wake anavunjika mguu. Hapo hasara inakuja kwa njia tatu kwa wakati mmoja: gharama za hospitali, ujira ambao mume hapati, na siku ambazo mama mwenyewe hafanyi biashara kwa sababu anauguza. Anauza mkokoteni. Kisha anakwenda kwa mkopeshaji wa mtaani mwenye riba kubwa, ili alipe mkopo wa kwanza. Bandu bandu humaliza gogo. Mwaka mmoja baadaye kaya hiyo ni maskini kuliko kabla haijakopa.

Haya ndiyo waliyoyaona viongozi wa SEWA, chama cha wanawake waliojiajiri kilichoanzishwa na mwanasheria Ela Bhatt mjini Ahmedabad, jimbo la Gujarat, mwaka 1972. Wanachama wake walikuwa wauza mboga, wabeba mizigo, washonaji na waokota karatasi. Hawakuwa na mwajiri wala mshahara, na mabenki hayakuwataka. Mwaka 1974 wanawake wapatao 4,000 walichanga rupia 10 kila mmoja, wakaanzisha benki yao ya ushirika. Kwa kuwa wengi hawakujua kusaini, kitambulisho chao kilikuwa picha.

Benki ilipochunguza kwa nini baadhi ya wanachama wanashindwa kurejesha mikopo, haikukuta uvivu. Ilikuta magonjwa, matatizo ya uzazi na vifo katika familia. Ndiyo maana mwaka 1992 SEWA ilianzisha mpango wa bima uitwao VimoSEWA, unaogusa kifo, kulazwa hospitali, na kupotea kwa nyumba au vitendea kazi. Mwanachama aliweza kulipa ada kila mwaka, au kuweka amana benki na riba ya amana hiyo ikamlipia ada. Njia hii ya pili iliwafaa wale ambao hawakuwa na hakika ya kuwa na fedha siku ya kulipa.

Msingi ni akiba

Vikundi vya kujisaidia vya India havikuanza na fedha za kutoka nje. Watu 10 hadi 20, kwa kawaida wanawake wa mtaa mmoja, hukutana kila wiki au kila mwezi na kuweka akiba ndogo ya kiwango sawa. Idadi haizidi 20 kwa sababu sheria ilitaka kundi kubwa zaidi ya hapo lisajiliwe. Kwanza hukopeshana akiba yao wenyewe. Daftari husomwa mbele ya wote.

Mwaka 1992 benki ya taifa ya kilimo na maendeleo vijijini, NABARD, ilianza majaribio ya kuunganisha vikundi 500 na mabenki ya kawaida. Kikundi kikishaonyesha nidhamu kwa miezi kama 6, benki hukikopesha bila kudai shamba wala nyumba kama dhamana. Mkopo ulianza sawa na akiba ya kikundi, na baadaye uliweza kufika mara 4 ya akiba hiyo. Leo India ina vikundi zaidi ya milioni 10 vya aina hii.

Tukumbuke utaratibu huo. Kwanza akiba, kisha mkopo mdogo wa ndani, kisha mkopo wa benki. Bima huja juu ya msingi huu, kwa sababu watu waliokwisha kuaminiana katika akiba ndio wanaoweza kuaminiana katika ugonjwa.

Hesabu ya kusaidiana

Bima ya kusaidiana si jambo gumu. Wengi huchanga kidogo ili wachache watakaopatwa mwaka huo wasaidiwe. Tofauti yake na kampuni ya bima ni kwamba mfuko ni mali ya wanachama. Wao hupanga ada, huamua nani alipwe, na kinachobaki hubaki kwao.

Tufanye hesabu ya mfano. Familia 500 zinachanga rupia 200 kila moja kwa mwaka. Mfuko una rupia 100,000. Wakilazwa watu 25, na kila mmoja akilipwa rupia 3,000, zitatoka 75,000. Zitumike 15,000 kwa uendeshaji, zinabaki 10,000 za akiba ya dharura. Mwaka umepita salama.

Lakini mwaka unaofuata homa ya dengi inaingia mjini, na wanalazwa watu 40. Madai ni rupia 120,000. Mfuko haukuibiwa na hakuna aliyefanya kosa, lakini umefilisika. Kwa hiyo anayeanzisha mfuko wa namna hii anapaswa kujua hatari tatu.

Hatari ya kwanza ni wagonjwa peke yao kujiunga. Mwenye afya husema atajiunga akiugua. Dawa yake ni kuandikisha familia nzima, kikundi kizima, na ikiwezekana kijiji kizima. Huko Sevagram, jimbo la Maharashtra, mahali alipoishi Gandhi, hospitali iliyopewa jina la mke wake Kasturba imekuwa na mpango wa bima tangu miaka ya 1980 ambapo wanakijiji huchangia mtama wakati wa mavuno. Mpango hauanzi katika kijiji mpaka sehemu kubwa ya kaya zake zijiunge. Tuone hekima iliyomo: mchango unadaiwa wakati mkulima ana kitu ghalani, wala si mwezi wa njaa.

Hatari ya pili ni madai yasiyo ya kweli na matibabu yasiyo ya lazima. Mjini Pune, katika mtandao wa mifuko ya afya uitwao Uplift, wanachama wenyewe hukaa katika kamati na kupitia madai ya wenzao. Jirani anajua nani alilazwa kweli. Anajua pia nani hana hati zote lakini anastahili huruma. Mpango huo huchagua hospitali zenye bei nafuu na humshauri mgonjwa kabla hajakwenda, kwa maana rupia nyingi hupotea kwa kukimbilia hospitali isiyofaa.

Hatari ya tatu ni janga linalowapata wote pamoja, nayo ndiyo kubwa kuliko zote. VimoSEWA ilianza kwa kununua bima ya pamoja kutoka kampuni kubwa. Haikuridhika na jinsi madai ya wanachama yalivyoshughulikiwa, ikaamua kubeba yenyewe bima ya matibabu na ya mali. Ndipo tarehe 26 Januari 2001 tetemeko kubwa la ardhi likaipiga Gujarat. Maelfu ya watu walifariki, na nyumba zisizohesabika zilianguka. Madai yalikuja kwa wingi kwa mkupuo. Baada ya hapo SEWA ilirudi kwa makampuni ya bima ili yabebe mzigo mkubwa, yenyewe ikabaki na kazi ya kuelimisha, kukusanya ada na kusimamia madai. Mwaka 2009 VimoSEWA ilisajiliwa kuwa chama cha ushirika. Ela Bhatt alifariki mwaka 2022, lakini kazi hiyo inaendelea.

Somo ni hili: hasara ndogo zinazompata mmoja mmoja zibebwe nyumbani, na hasara kubwa zinazompata kila mtu zipelekwe kwa mwenye mabega mapana.

Sheria nayo ina neno

Kuanzisha kampuni kamili ya bima India kwa miaka mingi kulihitaji mtaji wa rupia bilioni 1. Hakuna chama cha wauza mboga kinachoweza kupata fedha hizo. Hata hivyo, makampuni yalitakiwa kuuza sehemu ya bima zao vijijini na kwa watu maskini, na kanuni za mwaka 2005 ziliruhusu asasi na vikundi kuwa mawakala wa bima ndogo. Ndiyo maana vyama vingi huchagua njia ya ubia, na vile vinavyobeba mzigo vyenyewe hubaki kuwa mifuko ya wanachama ya kusaidiana.

Serikali nayo iliingia. Mwaka 2008 ilianzisha bima ya hospitali kwa familia maskini, iliyofika rupia 30,000 kwa mwaka. Mwaka 2018 mpango mpya uliichukua nafasi yake, wenye kikomo cha rupia 500,000 kwa familia. Ni hatua kubwa. Hata hivyo mpango huu ni kwa ajili ya anayelazwa. Dawa za mgonjwa anayetibiwa na kurudi nyumbani, nauli, na ujira uliopotea bado ni mzigo wa kaya. Hapo mfuko mdogo wa kikundi bado una kazi.

Mwaka 2010 huko Andhra Pradesh

Tusifiche upande mwingine. Katika jimbo la Andhra Pradesh makampuni ya mikopo midogo yalikua upesi mno. Kaya moja ilikopeshwa na makampuni matatu au manne, bila akiba na bila kinga, na wakusanyaji waliwabana wanawake mbele ya majirani. Habari za wakopaji kujiua zilienea. Mwezi Oktoba 2010 serikali ya jimbo ilitoa amri kali ya kuyadhibiti makampuni hayo, na marejesho yakasimama karibu kabisa. Waliotaka kuwasaidia maskini kwa mkopo peke yake walijikuta wamewaongezea mzigo.

Fedha za mhisani ziingie wapi?

Kwetu mbegu ya jambo hili ipo. Tuna vikundi vya kufa na kuzikana, na VICOBA vingi vina mfuko wa jamii pembeni ya hisa. Mtume Paulo aliwausia Wagalatia wachukuliane mizigo, na mifuko hii ni namna moja ya kutii. Isipokuwa mara nyingi mfuko huo ni mdogo, hauna kanuni za maandishi, na hukopwa kimya kimya.

Kwa wahisani wetu tunasema kwa upendo: msiwalipie wanachama ada. Ada ikilipwa na mgeni, mfuko huwa wa mgeni, na siku akiondoka unakufa. Saidieni mafunzo ya watunza vitabu, elimu ya afya, ukaguzi wa hesabu, na majadiliano na hospitali kuhusu bei. Mfuko ukishakaa miaka miwili mitatu kwa nguvu zake, ndipo akiba ya dharura iongezwe kwa mkono wa nje.

Kwa kamati za parokia, kabla ya kutuandikia barua ya kuomba mtaji, tunaomba kikundi kikae na kujibu maswali haya:

1. Katika miezi 12 iliyopita, ni wanachama wangapi waliuguliwa, na kila mmoja alitumia kiasi gani?
2. Ni wangapi waliuza mali au kukopa kwa riba ili walipe hospitali?
3. Kila familia inaweza kuchanga kiasi gani, na mwezi gani ina fedha?
4. Nani atakaa kwenye kamati ya madai, na nani atamkagua?
5. Tukipatwa na mafuriko au kipindupindu wote kwa pamoja, tutamwendea nani?

Kikundi kitakachotuletea majibu ya maswali haya kitatukuta tayari kukaa nacho. Inawezekana kikagundua kwamba hitaji lake la kwanza si mtaji. Hitaji lake ni kuulinda ule kilio nao.