Wimbo wa Taifa na bembezi ya Wapokomo

WAKENYA wengi huuimba Wimbo wa Taifa tangu wakiwa chekechea, lakini ni wachache wanaofahamu kwamba lahani yake hapo awali ilikuwa ya kuwalaza watoto.

Asili yake ni bembezi ya Wapokomo, jamii ya wakulima na wavuvi waishio kando ya Mto Tana. Mnamo 1963, uhuru ulipokaribia, tume ya watu watano ilipewa jukumu la kuandaa wimbo wa taifa. Hao ni Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi.

Badala ya kubuni lahani mpya kabisa, wataalamu hao waliichukua bembezi hiyo na kuitilia maneno ya dua na uzalendo, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

Katiba ya 2010 imeyanakili maneno hayo, ila haiwataji Wapokomo. Pengo hilo mwalimu aweza kuliziba darasani: kabla ya kuwafunza wanafunzi beti zote tatu, awaeleze kuhusu mama wa Tana aliyekuwa akimtuliza mwanawe. Mwacha asili, walinena wahenga, ni mtumwa.