Kitabu huazimwa, hakikopwi

Katika Kiswahili mtu hukopa fedha au unga, lakini huazima jembe, kanzu au kitabu. Akopaye hurudisha kitu kilicho sawa na kile alichochukua. Aazimaye hurudisha kile kile, na alama za matumizi juu yake. Jembe lililoazimwa likirudi na udongo, mwenyewe hashangai.

Tofauti hii hunijia kila niendapo Trans-Nzoia na Bungoma kuwakagua wanafunzi wetu walio katika mazoezi ya kufundisha. Shule nyingi hunionyesha vitabu vya hadithi, tena vizuri. Navionea ofisini mwa mwalimu mkuu, ndani ya kabati lenye kufuli.

Simlaumu mwalimu mkuu. Tangu mwaka 2018 serikali imekuwa ikipeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni, na kinachopotea hutafutiwa mtu wa kukilipa. Hofu hiyo imevifikia hata vitabu vya hadithi, ambavyo havina mtihani wala haraka. Kabati likifungwa, hesabu haipungui. Kitabu kimegeuzwa kuwa deni.

Mimi nilikulia Kitale, katika nyumba iliyokuwa na vitabu vitatu, ukihesabu kalenda ya kampuni ya mbegu. Jirani yetu, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa na katoni ya vitabu chini ya kitanda chake. Masharti yake yalikuwa machache: unawe mikono, uandike jina lako katika daftari, na ukirudisha umsimulie kisa ndipo upewe kingine. Hekaya za Abunuwasi nilizisoma kuanzia ukurasa wa tisa, kwa kuwa nane za kwanza zilikuwa zimekwisha kuchakaa kabla yangu. Likizo ya Desemba vitabu viwili vitatu vilisafiri nami kwa matatu kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye hadi kwa nyanya yangu Bungoma, vikasomwa na binamu zangu kando ya moto. Januari vilirudi vikinuka moshi. Mwalimu alivinusa, akaandika "vimerudi", basi.

Webuye yenyewe ilikuwa na harufu yake, ya kiwanda cha karatasi cha Panpaper, ambacho mitambo yake ilisimama mwaka 2009. Nikiwa mtoto niliamini kwamba vitabu vyote hutoka katika harufu ile. Nilistaajabu mno kuona watoto waliolala na kuamka ndani yake wakigombea nakala moja.

Katika katoni lile ndimo nilimokutana na neno "ilhali". Sikuwa nimemsikia mtu yeyote akilitamka, sokoni wala nyumbani. Kiswahili chetu cha Kitale kilitosha kununulia mahindi na kupatanisha wagomvi, lakini sentensi ndefu, yenye kusitasita na kugeuka njiani, niliijua kwa macho kabla ya kuijua kwa masikio. Wanafunzi wangu wa leo wanaoshindwa kuandika aya moja iliyoshikamana hawakukosa akili. Wengi wao hawakupata kuiona sentensi ya namna hiyo ikitembea katika hadithi waliyoipenda.

Mwaka 1996 Ken Walibora, mzaliwa wa Bungoma aliyetutoka mwaka 2020, alichapisha Siku Njema, riwaya ya kijana wa Tanga anayefunga safari hadi Kitale kumtafuta babake. Ilinifikia katika shule ya upili, nakala moja iliyokuwa ikizunguka bwenini kwa zamu za usiku. Kitale yangu, kitabuni, tena kwa Kiswahili! Hadi leo sijui nakala ile ilikuwa ya nani.

Mwaka huo huo wa 1996 Shirika la Maktaba la Kenya, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1965, lilianza kuwapelekea wasomaji wa Garissa vitabu kwa ngamia. Sisi tuna barabara na bodaboda. Aidha, Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti jukumu la maktaba. Maktaba ya Kimilili ipo, lakini mtoto wa Endebess au Cheptais hawezi kuiendea kwa miguu. Kaunti na ziviendeshe vitabu hadi kwake. Kisha ziwaruhusu walimu wakuu kufuta kila mwaka, bila faini, idadi fulani ya vitabu vilivyochakaa au kupotea mikononi mwa wasomaji. Chaki huisha na hakuna anayeulizwa ilikokwenda.

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja aliomba ufunguo, akatoa vitabu thelathini, vya hadithi na vya mazoezi ya mtihani, akavitawanya darasani kwa daftari la majina. Vilirudi ishirini na sita. Mwalimu mkuu alinitaka nitie sahihi kwa ajili ya vile vinne, nami nikatia. Nilipoitazama orodha, vyote vinne vilikuwa vya hadithi.