Fahamu: Kompyuta ipi kwa kizimba cha ngege?

Desemba 2025 kampuni ya Raspberry Pi ilipandisha bei za baadhi ya kompyuta zake ndogo: Pi 5 yenye kumbukumbu ya GB 8 ikatoka dola 80 hadi 95, kwa kuwa chipu za kumbukumbu zinagombewa na vituo vya akili unde. Mpenda ufundi wa Asembo Bay anayetaka kupima joto la maji kwenye kizimba cha kufugia samaki aina ya ngege hana sababu ya kuumia.

Pico, bodi ndogo ya kampuni hiyo iliyotoka 2021 kwa dola 4, inamtosha. Haiendeshi Linux wala haina Wi-Fi (Pico W inayo), lakini betri tatu za tochi huiwasha. Pi 5, kwa upande wake, hupendekezewa chaja ya volti 5 na ampea 5. Ikiendeshwa kwa sola ndogo ya ufukweni, itaishiwa nguvu usiku.

Akitaka kamera ya kuhesabu mitumbwi? Hapo inafaa Zero 2 W ya kampuni hiyohiyo, pamoja na kadi ya SD isiyo feki.