Mama Anayelea Peke Yake: Kikoba, Mkopo wa Halmashauri na Haki ya Matunzo

Januari huwa mwezi mgumu kwa mama anayelea watoto peke yake katika Kata ya Msangeni. Tangu mwaka 2016 wazazi hawalipi ada katika shule za serikali kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne, lakini sare, viatu, madaftari na mchango wa chakula havisubiri mavuno ya maharage. Hapo ndipo mikopo iitwayo mitaani "kausha damu" inapopata wateja. Fedha hutolewa siku hiyo hiyo, na baada ya wiki chache mkopeshaji yuko mlangoni akidai godoro au mbuzi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Mkopaji aombe kuiona kabla ya kutia sahihi.

Kinga iliyo karibu zaidi ni kikoba. Mama anayenunua hisa za shilingi 2,000 kila wiki hufikisha shilingi 104,000 kwa wiki 52, kabla ya kuhesabu faida ya mikopo ya wanachama. Vikundi makini huweka sanduku lenye kufuli tatu, funguo zikikaa kwa wanachama watatu tofauti, na fedha huhesabiwa mbele ya wote. Tatizo huwa ni tarehe. Vikoba vingi huvunjwa Desemba, wakati ndugu wanarudi milimani kutoka Dar es Salaam na Arusha, na gawio huishia kwenye sikukuu. Hakuna sheria inayolazimisha Desemba. Kikundi kinaweza kukubaliana katika katiba yake kwamba mgao ufanyike juma la kwanza la Januari, siku chache kabla ya shule kufunguliwa.

Kikundi chenye katiba na usajili kinaweza pia kuomba mkopo wa halmashauri. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024 chini ya kanuni mpya. Haina riba. Kikundi cha wanawake kiwe na watu wasiopungua watano wenye umri wa miaka 18 au zaidi, akaunti ya benki na mradi unaoeleweka. Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata husaidia kuandaa maombi.

Jambo moja husemwa kwa haraka mno kwenye mikutano: mkopo ni wa kikundi kizima. Mmoja akishindwa, wenzake wanawajibika. Kwa hiyo mama achague wenzake kwa kuangalia wanavyolipa madeni madogo, si kwa urafiki wa kanisani au msikitini pekee. Vilevile, fedha ya mradi wa kuku au ndizi ikinunua sare, rejesho litatoka wapi? Daftari moja la mradi na jingine la nyumbani huonyesha mapema fedha inakovujia. Namba ya siri ya simu nayo ibaki kwa mwenye simu, hata kama anayeiomba ni kaka yake.

Kuna fungu jingine ambalo akina mama wengi huona aibu kulidai. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawapa wazazi wote wawili wajibu wa kumpatia mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, hata kama hawakufunga ndoa. Mama asiyepata matunzo aanze kwa Afisa Ustawi wa Jamii, ambaye huwaita wazazi wote na kujaribu kuwapatanisha. Makubaliano yaandikwe yakitaja kiasi na tarehe ya malipo. Yasipofikiwa au yakivunjwa, shauri hupelekwa Mahakama ya Watoto, ambayo huzingatia kipato cha kila mzazi kabla ya kutoa amri. Mama afike na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na kumbukumbu za fedha zilizowahi kutumwa kwa simu, kwani mara nyingi huonyesha kwamba baba aliukubali wajibu huo. Baba akikana kabisa, mahakama inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba.

Wanaohitaji kuanza wafike Ofisi ya Mtendaji wa Kata siku za kazi, ambako wataelekezwa kwa afisa husika.