Nyumba njema si mlango

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni Jumapili iliyopita)



Juma hili sina budi kujibu barua. Imeandikwa na msikilizaji wetu wa Dar es Salaam, mtumishi wa serikali ambaye amebakiza mwaka mmoja na miezi kidogo astaafu. Watoto wake wameshajitegemea. Foleni na kelele za jiji zimemchosha, na yeye na mkewe wamekata shauri wahamie mji mdogo wa pwani. Wanataka kununua mojawapo ya zile nyumba za kale za mawe, zenye mlango wa nakshi na baraza mbele, ili wazeekee humo. Ametaja miji minne: Bagamoyo, Pangani, Kilwa Kivinje na Mikindani. Anauliza wachague upi.

Ndugu yangu, swali lako si la mzaha. Kiinua mgongo hupatikana mara moja tu katika maisha. Ukikitia mahali pabaya hupati kingine. Kwa hiyo nisikilize mpaka mwisho, maana jibu nitakupa, lakini sitalitanguliza.

Kwanza tujiulize: kwa nini nyumba hizi bado zipo? Kariakoo zilikuwapo nyumba nyingi za zamani, na leo maghorofa yamezimeza. Kwa nini Pangani au Mikindani hazikumezwa? Jibu ni chungu kidogo. Zimebaki kwa sababu fedha ziliondoka. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani mpaka mwaka 1891, yalipohamishiwa Dar es Salaam yenye bandari ya kina kirefu. Pangani ilikuwa mlango wa misafara ya kwenda bara, lakini reli ilipoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, biashara iliifuata reli. Kilwa Kivinje ilipoteza ofisi za wilaya, zikaenda Kilwa Masoko. Mikindani nayo ilipitwa na Mtwara, Waingereza walipojenga bandari huko kwa ajili ya ule mradi wao wa karanga baada ya Vita Kuu ya Pili. Matajiri wakafuata bandari na reli. Waliobaki hawakuwa na fedha za kubomoa na kujenga upya, na nyumba zikasalimika.

Basi ujue hivi: jambo lile lile lililoihifadhi nyumba unayoipenda ndilo litakalokunyima mengine unayoyahitaji. Mji ulioachwa na fedha mara nyingi una hospitali ndogo, kazi chache, na vijana wanaotazama barabara ya kutokea. Ndiyo maana nasema chagua mji kwanza, nyumba baadaye.

Pili, ujue nyumba yenyewe ni kitu gani. Hii si nyumba ya matofali ya saruji. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa udongo na chokaa, nene kiasi cha nusu meta, zikapigwa lipu ya chokaa. Ukuta wa namna hii hunywa maji wakati wa mvua na kuyatoa polepole wakati wa jua. Chokaa huuacha upumue. Sasa mtu anakuja na fedha zake kutoka mjini, anaona lipu imebanduka, anaita fundi apige saruji nje na ndani ili nyumba ionekane mpya. Mwaka wa kwanza inapendeza. Baadaye maji yaliyo ndani ya ukuta hayana pa kutokea, chumvi inapanda, udongo unalegea, na ncha za boriti zilizozikwa ukutani zinaanza kuoza kimya kimya. Siku zikikatika, dari iko sakafuni.

Boriti hizo ni miti ya mikoko, na mikoko haitoi boriti ndefu. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale ni vyembamba na virefu, mara nyingi upana wake haufiki meta tatu. Usije ukasema utabomoa ukuta wa kati ili upate sebule kubwa ya kuweka makochi. Ukuta ule haukuwekwa hapo kugawa vyumba tu, umebeba ghorofa. Kama huwezi kuishi katika chumba chembamba, nyumba ya kale si yako, na hakuna aibu katika hilo.

Unapokwenda kuikagua, mlango wa nakshi uuache mwisho. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Anza na paa, kwa sababu nyumba ya matumbawe huanza kufa juu. Bati moja lililotoboka linatosha. Kisha chukua bisibisi, uchome ncha ya kila boriti pale inapoingia ukutani. Ikizama kama kwenye mkate, hesabu gharama. Tazama nyufa. Uichore kwa penseli mipaka ya kila ufa na tarehe, urudi baada ya miezi mitatu uone kama umetembea. Angalia juu ya kuta kama hakuna mkuyu ulioota, maana mizizi yake hupasua jiwe. Halafu uliza kama mjini hapo yupo mwashi anayejua kuloweka chokaa kwa majuma kadhaa kabla ya kuitumia. Kama hayupo, utamsafirisha kutoka mbali kila ukuta ukikohoa.

Na usidhani kwamba jina kubwa la jengo ni kinga. Beit el Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, ipo katika Mji Mkongwe ambao UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020, wakati ukarabati ukiendelea, na watu wawili walipoteza maisha. Ikiwa jengo la fahari kama lile lilifika hapo, wewe na kiinua mgongo chako mtakuwaje mkichelewa kuziba ufa?

Jambo la tatu ni mwenye nyumba. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Kwa Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, hati unayopewa ni ya kuitumia ardhi kwa muda usiozidi miaka 99. Lakini nyumba nyingi za kale hazikupata kuwa na hati ya mtu mmoja. Ni mirathi. Babu alifariki, akaacha watoto saba, hao nao wakaacha watoto, na leo wenye haki wametapakaa Tanga, Mombasa na Muskat. Nyingine ni wakfu, yaani zilitolewa kwa ajili ya msikiti au kizazi fulani, na haziuzwi. Nyingine zilitaifishwa kwa sheria ya mwaka 1971 iliyogusa majumba ya thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, zikawa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 zikapelekwa Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa hiyo anayekaa ndani si lazima awe mwenye nyumba, na mwenye ufunguo si lazima awe na haki ya kuuza.

Tena kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863 linalindwa na sheria hiyo, na waziri anaweza kutangaza mengine. Hata mlango au fremu iliyochongwa kabla ya mwaka 1940 inalindwa; hutauza wala kuutoa nchini pasipo kibali. Kabla hujagusa jiwe moja, pitia kwanza Idara ya Mambo ya Kale.

Sisemi haya kwa kusoma tu. Miaka kadhaa iliyopita, mimi na kaka yangu tulitaka kununua nyumba katika mmojawapo wa miji hii minne. Sitautaja, maana wahusika wapo. Tulikwenda Januari, kaskazi inavuma, jua linawaka, kila kitu kikavu. Tukaupenda mlango wake, tukakaa barazani tukanywa kahawa, tukakubaliana bei. Mzee mmoja mwashi aliyekuwa amekaa upande wa pili wa njia akatuita pembeni. Akatuambia, wanangu, nyumba haitazamwi kaskazi, rudini masika.

Tukarudi Aprili. Ukuta wa nyuma ulikuwa ukitiririka maji kwa ndani, na lipu ya saruji ambayo mtu alikuwa ameipiga ilikuwa imevimba kama andazi. Siku hiyo hiyo akafika mama mmoja kwa basi, dada wa muuzaji, ambaye hakuwa ameambiwa lolote. Yeye na wadogo zake watatu walikuwa na sehemu yao katika nyumba ile. Tulimwomba radhi, tukaondoka na fedha zetu.

Hapo mngedhani ninajisifu kwa kunusurika. La. Nilipopita tena mwaka uliofuata, ukuta wa nyuma ulikuwa umelala chini na mlango ulikuwa umeng'olewa, sijui umekwenda wapi. Kwa mgogoro wa ndugu, hakuna aliyeziba tundu la bati. Nyumba ile ilihitaji mtu mmoja wa kuishi ndani yake mvua ikinyesha, aone maji yanapoingilia, apande ngazi. Nyumba za kale haziokolewi na wapiga picha wala na sisi tunaozisifu redioni. Anayeziokoa ni mkaaji.

Sasa nirudi kwenye miji yako, ndugu msikilizaji.

Kilwa Kivinje ni ya kusikitisha na ya kupendeza kwa pamoja. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003, hulali tena Ndundu ukisubiri pantoni. Hospitali ya wilaya, Kinyonga, ipo hapo hapo Kivinje. Lakini nyumba nyingi za kale zimekwisha kuwa magofu. Huko hutakarabati, utajenga upya kwa umbo la zamani. Mwenye kiinua mgongo peke yake asijaribu.

Pangani ina mto, ina kivuko cha kwenda Bweni, ina utulivu ambao sijauona kwingine. Tanga yenye Hospitali ya Bombo iko umbali wa kilometa 50 hivi. Katika miaka hii ya 2020 imeanza kazi ya barabara ya lami na daraja la mto. Anayenunua Pangani ajue ananunua katika mji ambao fedha zimeanza kuurudia. Hospitali itakuwa karibu zaidi, lakini majirani nao wataanza kupiga saruji na kubomoa.

Mikindani iko kilometa 10 tu kutoka Mtwara, penye Hospitali ya Ligula, soko na uwanja wa ndege. Boma lake la Wajerumani la mwaka 1895 lilikarabatiwa na shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, likawa hoteli. Nenda ukalitazame uone kuta za matumbawe zikitunzwa zinavyokaa. Ubaya wake ni umbali. Mjukuu akiugua Dar es Salaam, wewe una safari ya kutwa nzima.

Bagamoyo iko kilometa 70 hivi kutoka Dar es Salaam kwa lami, mabasi ni ya kutwa, hospitali ya wilaya ipo, na Chuo cha Sanaa kinauchangamsha mji. Watoto wako wataweza kuja Jumamosi na kurudi Jumapili. Lakini ukaribu huo huo umepandisha bei, na umewaleta madalali wenye maneno matamu. Hapo fanya uchunguzi wa hati mara mbili.

Kwa mtu mwenye umri wako, mke, na watoto walioko Dar es Salaam, mimi nasema Bagamoyo, na kama bei itakushinda, Mikindani. Lakini usinunue mwaka huu. Pangisha chumba kwanza, ukae mwaka mzima, masika na kiangazi, kusi na kaskazi. Katika mwaka huo utajua maji ya bomba hukatika mara ngapi, mkeo atapata wapi dawa zake, na nani kweli ni mwenye nyumba ile unayoitamani. Ukija kununua, nusu ya fedha ibaki benki kwa ajili ya paa na kuta.

Na neno la mwisho, juu ya baraza. Baraza imewekwa nje, kwenye njia, kwa makusudi. Ni mahali pa jirani kuketi, pa kusikia msiba na kualikwa harusi, pa kusoma gazeti hili kwa pamoja. Wapo wanaonunua nyumba hizi, na kazi yao ya kwanza ni kuizungushia baraza wavu wa chuma na geti. Ukiona nia hiyo ndani ya moyo wako, ndugu yangu, baki Dar es Salaam. Ukiona uko tayari kuketi na watu, funga mizigo yako.

Hadi juma lijalo, nawatakieni mapumziko mema.