Mtihani wa Kalamu na Mtihani wa Kazi



Huko Gatete, upande wa Rumonge nchini Burundi, michikichi ndiyo akiba ya mkulima, na Ziwa Tanganyika liko karibu. Kijana aliyekulia huko ajua kwamba chikichi zilizokatwa zikikawia mno kabla ya kuchemshwa, mafuta yake huwa makali. Ajua pia kwamba dagaa, au ndagala kama waitwavyo huko, wakianikwa chini hushika mchanga na bei yao hushuka. Lakini afikapo mtihani wa taifa wa darasa la 9, hukalishwa mbele ya karatasi. Na karatasi haiwezi kuonja mafuta.

Mtihani wa vitendo ni kitu gani basi? Si kumwita mtoto achonge mpini kwa dakika 20 huku mwalimu akitazama saa. Nchini Kenya, mtahiniwa wa somo la kilimo katika kidato cha nne hupewa mradi: hutayarisha ardhi, hupanda, hupalilia, huvuna, na kila hatua huiandika daftarini. Mwalimu humpa alama hatua kwa hatua. Aliyelala wakati wa kupalilia hawezi kuamka usiku mmoja akakariri magugu yakang'oka.

Wazo hili si geni kwetu. Tanzania ilitangaza Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na mwezi Novemba 1974, mjini Musoma, chama cha TANU kiliamua kwamba mtihani wa mwisho usiwe hakimu wa pekee, bali kazi ya mwanafunzi ya kila siku nayo ihesabiwe. Kenya nayo ilileta ufundi na sayansikimu katika shule za msingi kwa mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985. Hapo likatokea jambo la ajabu: masomo ya mikono yakatahiniwa kwa maswali ya kuchagua jibu moja kati ya manne! Shule zikafundisha kile kilichotahiniwa, yaani kuchagua herufi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yakapunguzwa.

Kwa hiyo mradi usiohesabiwa katika matokeo hufa. Lakini unaohesabiwa nao una hatari zake. Katika mtaala mpya ulioanza Kenya mwaka 2017, wazazi wamelalamika kwamba kazi za watoto huwaangukia wao, na vifaa hununuliwa kwa fedha yao. Mwenye fundi nyumbani hupata alama za fundi.

Gatete ina nafuu hapa, kwa kuwa chikichi hazinunuliwi mbali. Wanafunzi wapime uzito wa chikichi, kuni zilizotumika na mafuta yaliyopatikana. Wafanyie shuleni, si nyumbani. Na mwalimu wa shule nyingine aje akague daftari na kumwuliza kila mmoja kwa nini alifanya alivyofanya. Mtoto aliyefanyiwa kazi na babaye atajulikana kwa swali la pili.

Limebaki swali ambalo wakubwa wa elimu hulipita upesi mno: mafuta hayo ni mali ya nani? Mashamba mengi ya shule yaliharibika sifa pale wanafunzi walipolima bila kuona hesabu, wakajiona vibarua. Kitabu cha mauzo na kishikwe na wanafunzi wenyewe, kisomwe mbele ya wazazi, na fedha inunue pipa la mwaka ujao.